Bawabu na Mwana wa Nyumbani

Waifundishao teknolojia kwa Kiswahili hupenda kuufananisha ukuta wa moto na bawabu asimamaye langoni. Tashbihi hiyo yafaa, ila ina dosari: humfanya msikilizaji aamini kwamba kila kitu hupita langoni. Wahenga hawakudanganyika hivyo waliposema kikulacho ki nguoni mwako.

Chukua mfano wa Linux. Tangu toleo la 2.4 lililotoka mwaka 2001, kazi ya ubawabu imefanywa na iptables, ingawa nftables, iliyoingizwa katika kiini cha mfumo huo mwaka 2014, inazidi kuirithi. Msimamizi atakaye maombi yote ya tovuti yapitie kwa wakala huandika kanuni katika mnyororo uitwao PREROUTING. Kompyuta za jirani hutii. Seva yenyewe haitii. Si ukaidi. Pakiti iliyozaliwa ndani ya seva haikuingia kutoka nje hata ipite hapo. Safari yake huanzia kwenye mnyororo wa OUTPUT, na huko ndiko iwekwako kanuni ya kuitoa kwenye mlango wa 80 na kuipeleka, tuseme, mlango wa 3129. (Mlango, wala si bandari kama wafasiri wengine wapendavyo; hapana meli hapa.)

Hapo ndipo huzuka kisa chenyewe. Wakala naye ni mwana wa nyumba ile ile. Apokeapo ombi, hulituma nje. Kanuni hulinasa na kumrudishia. Naye hulituma tena, mithili ya nyoka ajimezaye mkia. Dawa ni nasaba. Kwa kuwa pakiti imezaliwa hapa, kanuni yaweza kuuliza ni mtumiaji yupi aliyeituma. Basi wakala hupewa utambulisho wake mwenyewe, na kanuni ya kumwachilia hutangulia ile ya kugeuza. Zikipinduliwa, ruhusa haisomwi kamwe, maana husomwa kutoka juu kwenda chini.

Linalotisha ni ukimya wa jambo lenyewe. Programu iliyotuma ombi haiambiwi kwamba neno lake limegeuzwa njia; yaamini inazungumza na iliyemkusudia. Penye mawasiliano yaliyofichwa kwa fumbo, kama kwenye mlango wa 443, ndipo hudai cheti, na anayejibu akikosa cheti cha kuaminika, programu hukata mazungumzo.