Kivuli Kinapopotea Newala

Ukiingia Masasi, milima ya mawe hukupokea kabla ya nyumba. Mtandi, Mkomaindo na wenzao wameota katikati ya tambarare, vipara, weusi baada ya mvua. Askofu Edward Steere alianzisha makazi ya watumwa waliokombolewa hapa mwaka 1876, na saa kubwa kuliko zote aliikuta imeshasimama. Asubuhi kivuli cha mwamba hulala magharibi, adhuhuri hujikunja miguuni pake, jioni hunyooka mashariki juu ya mabati ya watu. Haihitaji betri, na mji mzima unaiona.

Simu yako itabishana nayo. Saa za Tanzania zimepimwa kwa longitudo ya 45 mashariki, mstari usiogusa nchi yetu popote. Masasi iko karibu na 38.8, basi kwa wastani jua huchelewa kufika utosini kwa dakika kama 25. Mimi naliamini jua.

Kisha panda Newala. Joto la bondeni linabaki nyuma, mikorosho inakusindikiza, na ukifika Shimo la Mungu ardhi inakatika ghafla: chini kabisa Ruvuma, ng'ambo yake Msumbiji. Kwa Waislamu wa huku kivuli ni jambo la ibada. Jua likishapinduka, adhuhuri imeingia. Kivuli cha kijiti kikifikia urefu wa kijiti chenyewe, ukiongeza kile kilichokuwapo jua lilipokuwa juu kabisa, ni alasiri kwa madhehebu ya Shafi.

Chomeka kijiti wima nawe ujionee. Tangu mwishoni mwa Februari hadi Oktoba, kivuli cha mchana huelekea kusini. Miezi iliyobaki huelekea kaskazini. Kati ya majira hayo mawili, karibu na tarehe 20 Februari na tena karibu na tarehe 22 Oktoba, hakielekei kokote. Jua limesimama juu ya kijiti, na kivuli hakuna! Lakini usingoje saa sita kamili: Oktoba hutokea saa sita na dakika kama nane, Februari saa sita na dakika kama 37, maana mwendo wa jua haulingani mwaka mzima.

Nenda Oktoba. Februari ni mvua, na ukipanda Newala siku hiyo huenda ukaambulia mawingu tu.