Shibuya: Stesheni Inayojengwa Upya Bila Kusimamisha Treni

Katika Tokyo, mji mkuu wa Japani, kuna stesheni ya reli iitwayo Shibuya. Reli 9 za makampuni 4 hukutana hapo, nyingine zikipita juu ya madaraja na nyingine chini kabisa ya ardhi. Kabla ya mwaka 2020 watu waliopita katika stesheni hiyo kwa siku moja, wakihesabiwa wa reli zote waingiao na watokao, walizidi milioni tatu. Tangu mwanzo wa karne hii stesheni hiyo inavunjwa na kujengwa upya, pamoja na majumba marefu yanayoizunguka, na kazi yenyewe haitazamiwi kwisha kabla ya mwaka 2034. Katika muda wote huo treni hazina budi kupita, na watu hawana budi kufika kazini.

Mtu aliyewahi kutengeneza nyumba huku jamaa zake wakilala ndani atafahamu mara moja ugumu wa kazi hiyo. Ukiliondoa paa asubuhi, shurti uwe na kitu cha kulifunika kabla ya jioni, maana watoto hawawezi kuambiwa walale nje kwa sababu fundi hajamaliza. Hivyo ndivyo ilivyo Shibuya, ila paa ni reli, na watoto ni mamilioni ya abiria.

MAHALI PENYEWE

Sehemu ya mwisho ya jina Shibuya maana yake ni bonde, na kweli mahali hapo ni bonde. Mtu ashukaye kilima cha Dogenzaka upande wa magharibi, au kile cha Miyamasuzaka upande wa mashariki, hujikuta chini kabisa, mahali ambapo mto Shibuya na mto Uda hukutana. Katika miaka ya kujitayarisha kwa michezo ya Olimpiki ya mwaka 1964, sehemu kubwa ya mito hiyo ilifunikwa kwa saruji, na leo maelfu ya watu huipita kwa miguu bila kujua kwamba maji yako chini yao.

Stesheni ilifunguliwa tarehe 1 Machi 1885, wakati mahali hapo palipokuwa bado shamba nje ya mji. Yasimuliwa kwamba siku ya kwanza hakupanda wala hakushuka hata msafiri mmoja. Lakini mji ulikua ukaifuata reli. Mwaka 1907 ilikuja tramu kutoka upande wa mto Tama; mwaka 1927 ikaja reli ya Toyoko iendayo Yokohama; mwaka 1933 reli nyingine ya kuelekea magharibi. Mwaka 1934 kampuni ya reli ya Toyoko ilijenga duka kubwa la orofa nyingi papo hapo stesheni, ili msafiri ashukaye apate kununua nguo na chakula kabla ya kwenda nyumbani.

Kisha mwaka 1938 likatokea jambo la kuchekesha kidogo. Reli ya chini ya ardhi, iitwayo leo Ginza, ilifika Shibuya, na treni yake haikuingia chini, bali iliingia orofa ya tatu ya duka lile. Sababu yake ni bonde. Handaki lilikuja likiwa sawa sawa kutoka mashariki, na ardhi ilipoteremka ghafula, reli ilibaki pale pale, ikatoka kilimani na kuvuka barabara juu ya daraja. Kwa hiyo Shibuya mtu humpandia ngazi treni ambaye jina lake ni wa chini ya ardhi.

Kila kampuni ilijenga kwa wakati wake na kwa faida yake. Baada ya miaka mia stesheni ikawa kama kijiji ambacho kila mwana ameongeza chumba bila kumwuliza ndugu yake. Njia zilikuwa nyembamba na ngazi hazikuwa na mpango. Mtu alipanda ili ashuke, kisha akapanda tena. Jukwaa la reli ya Saikyo lilikuwa mbali na majukwaa mengine kwa mita 350 hivi, hata wageni walifikiri wameshushwa kwenye stesheni nyingine. Mzee mwenye fimbo au mama mwenye mtoto mgongoni alipata taabu kubwa.

URUHUSIWE KUPANDA JUU, NAWE UTOE NJIA

Swali la kwanza lilikuwa la fedha. Nani atalipa kuvunja na kujenga tena mahali kama hapo? Mwaka 2002 Serikali ya Japani ilitunga sheria ya kuhuisha miji, na mwaka 2005 sehemu ya kuzunguka stesheni ya Shibuya ikatiwa katika orodha ya mahali panapohitaji kujengwa upya upesi. Chini ya sheria hiyo mjenzi aweza kupewa ruhusa ya kujenga orofa nyingi kuliko kawaida, akikubali kutoa kitu kwa faida ya watu wote: uwanja, njia ya miguu, lifti, au mahali pa kungojea basi. Orofa za juu hukodishwa kwa maofisi na maduka, na kodi hiyo ndiyo inayosaidia kulipia njia za chini.

Jumba la kwanza la mpango huo lilifunguliwa Aprili 2012, nalo ni Hikarie, lenye orofa 34. Lilisimama mahali palipokuwa na jumba la sinema na la kuonyesha nyota, lililodumu tangu 1956 hata 2003. Mwaka 2018 lilifuata jumba la Stream lenye orofa 35. Tarehe 1 Novemba 2019 lilifunguliwa jumba refu kuliko yote, Scramble Square, lenye urefu wa mita 230 hivi, orofa 47 juu ya ardhi na 7 chini yake. Makampuni matatu ya reli yalishirikiana kulijenga, ingawa katika kuchukua abiria hushindana kila siku.

Ndani ya majumba hayo kuna jambo ambalo mgeni hulipita bila kulitazama, nalo labda ndilo lenye manufaa zaidi. Kila jumba lina kama kisima kikubwa kilicho wazi, chenye ngazi za umeme na lifti, kiungacho reli za chini ya ardhi, barabara, na madaraja ya juu yanayoelekea vilimani. Bonde ambalo zamani lilikuwa adui wa mwenda kwa miguu sasa laweza kuvukwa kwa kwenda sawa, bila kushuka chini kabisa na kupanda tena.

KAZI YA USIKU

Usiku wa kuamkia tarehe 16 Machi 2013 ndio unaokumbukwa zaidi na mafundi. Reli ya Toyoko, iliyopita juu ya nguzo kwa miaka 85, ilitakiwa kushushwa ndani ya handaki jipya. Treni ya mwisho ilipokwisha kupita, wafanyakazi wapatao 1,200 waliingia kazini. Walikuwa na muda wa saa nne hivi. Reli ya zamani ilikatwa na kuondolewa, nyingine ikashushwa na kuunganishwa na ile ya handakini, nyaya za umeme na taa zikajaribiwa, na alfajiri treni ya kwanza ikapita chini ya ardhi kama kwamba hakukuwa na neno. Saa hizo nne zilitanguliwa na miaka mingi ya kuchimba handaki lenyewe.

Baadaye zamu ya reli ya Ginza ilifika. Katika siku sita za mwisho wa mwaka 2019 na mwanzo wa 2020, wakati maofisi yalipokuwa yamefungwa kwa sikukuu, sehemu ya reli hiyo ilifungwa na jukwaa likahamishwa mita 130 kuelekea mashariki, likatoka ndani ya duka la zamani. Juni 2020 jukwaa la Saikyo nalo lililetwa karibu na wenzake. Reli ya Yamanote, izungukayo katikati ya mji, ilikuwa na majukwaa membamba mno. Ilihitaji siku mbili za Oktoba 2021 na siku mbili nyingine za Januari 2023 kuyaunganisha kuwa moja pana. Kila mara tangazo lilitolewa mapema, na watu wakaambiwa wapite njia gani nyingine.

Kuna kazi nyingine ambayo haionekani kabisa. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya vilima vyote hukimbilia bondeni, na bondeni sasa ndipo penye maduka na reli za chini. Kwa hiyo chini ya uwanja wa mashariki lilijengwa tangi la kuweka tani 4,000 za maji ya mvua, likaanza kutumika mwaka 2020. Mvua ikizidi, maji huingia humo na kungoja. Mvua ikikatika, hupandishwa kwa pampu na kwenda zake. Kando ya jumba la Stream, mto Shibuya ulikuwa umebaki mfereji mkavu nyuma ya nyumba. Maji yaliyosafishwa yamerudishwa humo, na kando yake imetengenezwa njia ya miguu ya mita 600 hivi.

WALIOONDOKA NA WALIOBAKI

Haifai kufikiri kwamba kila mtu alifurahi. Ng'ambo ya barabara kubwa, upande wa kusini, ulikuwako mtaa wa Sakuragaoka, wenye nyumba ndogo, mikahawa ya watu wawili watatu, na maduka ya vyombo vya muziki. Wenye ardhi walikutana kwa miaka mingi kabla ya kukubaliana. Kwa sheria ya huko, mwenye kiwanja hukitoa naye hupewa haki ya sehemu ya orofa katika jumba jipya. Mkulima aweza kulifahamu jambo hilo akiwaza juu ya ndugu wanaounganisha vipande vyao viwe shamba moja, kila mmoja akipata fungu lake. Lakini mpangaji hana kiwanja cha kutoa. Yeye hulipwa gharama za kuhama, kisha akaona kodi ya jumba jipya si ya duka lake. Mtaa ulivunjwa, na majumba ya Sakura Stage yakamalizika Novemba 2023. Barabara na reli zilizoutenga mtaa huo na stesheni zimepata madaraja mazuri ya kuvukia. Lakini wengi waliohitaji madaraja hayo kwa miaka mingi hawapo tena kuyavuka.

Kadhalika bustani ya Miyashita, karibu na reli. Watu wasio na makao walikuwa wakilala humo. Mwaka 2010 waliondolewa ili bustani itengenezwe, na wako raia waliosimama kuwatetea. Bustani ilifungwa tena 2017, na mwaka 2020 ikafunguliwa ikiwa juu ya paa la jengo refu la maduka. Majani ni mazuri na viti ni safi, ila usiku hufungwa.

Mbele ya stesheni wako bado mbwa wa shaba, Hachiko. Bwana wake, Ueno Hidesaburo, alikuwa mwalimu mkuu wa elimu ya kilimo katika Chuo Kikuu. Alifariki ghafula mwaka 1925, na mbwa akaendelea kuja stesheni kumngojea mpaka alipokufa mwenyewe mwaka 1935. Sanamu ya kwanza iliyeyushwa wakati wa vita kwa sababu ya uhaba wa madini. Ya sasa iliwekwa mwaka 1948. Majumba yote ya zamani yaliyoizunguka yakiondoka moja moja, watu bado huagana kukutana hapo, maana ni kitu ambacho kila mtu akijua. Tena kando ya reli wamo wenye vilabu vidogo vya kichochoro cha Nonbei, kilichoanza baada ya vita. Kila klabu ni kama chumba cha mlinzi, wateja watano wakiingia kimejaa. Nacho bado kimo, chini ya vivuli vya minara.

KAZI ILIYOSALIA

Duka la zamani la stesheni lilifunga milango yake Machi 2020, na mahali pake sehemu mbili zilizosalia za Scramble Square zinajengwa. Zamani ilitangazwa kwamba zingemalizika mwaka wa fedha 2027. Baadaye makampuni yalisema haiwezekani, na kwa mpango uliotangazwa mwaka 2025 zitamalizika mwaka wa fedha 2031, na viwanja na njia zote mwaka wa fedha 2034. Hakuna aliyeshangaa sana. Mtu akijenga juu ya reli zinazopita, saa za kazi ni zile chache za usiku, na usiku hauongezeki kwa amri.

Mtoto aliyezaliwa usiku ule reli ya Toyoko iliposhushwa ardhini atakuwa mtu mzima wa miaka 21 kazi itakapokwisha. Katika maisha yake yote hatakuwa ameiona Shibuya bila uzio wa mafundi. Ataiona imekamilika, pana na yenye kupitika hata kwa mlemavu, na huenda akauliza mji mkubwa namna hii ulijengwa na nani. Jibu litakuwa refu, na kwa haki halina budi kuwataja wahandisi waliochimba usiku, makampuni yaliyotoa fedha, na mwenye duka dogo la Sakuragaoka aliyefunga mlango wake akahama.