Utitiri wa Chonga

Katika mashamba ya minazi ya Kilwa Kivinje yuko mbawakawa mweusi, mnene, mwenye pembe moja kichwani, naye huitwa chonga. Mchana hujificha, usiku huruka, akatua juu ya mnazi, akautoboa moyo wake. Kuti lililokuwa changa wakati ule likikunjuka, huonekana limekatwa kama kwa mkasi. Mnazi mkubwa huweza kustahimili, lakini mnazi mchanga mara nyingi hufa. Jina lake la kitaalamu ni Oryctes monoceros, maana yake mchimbaji mwenye pembe moja, nalo limemfaa. Nataka kuwasimulia, wanafunzi wangu, kosa nililolifanya kwa ajili ya mdudu huyu.

Mjomba wangu alikuwa amepanda miche 12 nyuma ya nyumba yake. Asubuhi moja alinijia na kifuu cha nazi, na ndani yake mlikuwa na chonga.

“Mpwa wangu,” akasema, “tazama, tumepata msaada. Chonga ameingiwa na utitiri. Kuku akiingiwa na utitiri hudhoofika. Je, huyu naye hatakufa?”

Nikatazama, nikaona vitu vidogo vingi vimejaa tumboni na katikati ya miguu. Sikujua ni nini. Lakini mimi ni mwalimu, nikaona haya kusema sijui. Nikajibu upesi, “Ndiyo, mjomba, atakufa.”

“Basi nimwachilie akawaambukize wenziwe?”

“Mwachilie.”

Akamwachilia. Tena akaacha kuwatafuta chonga kwa waya kama desturi yake, akingoja utitiri umfanyie kazi. Mvua za masika zilipokwisha, miche 7 ilikuwa imekufa. Mjomba hakunilaumu. Alisema tu, “Mwalimu, utitiri wako una huruma sana.” Maneno hayo yalinichoma kuliko matusi.

Ndipo nilipofanya lile nililopasa kulifanya mwanzo. Nilikamata chonga mwingine, nikachukua sindano, karatasi nyeupe na kioo cha kukuzia, nikawaita wanafunzi wangu. Nikawaambia, “Hesabuni miguu.” Mmoja akasema sita, mwingine akasema minane. Tukatazama tena. Kumbe mdogo yule alikuwa akitembea kwa miguu sita, na miwili ya mbele ameiinua, akipapasa nayo njia kama kipofu na fimbo yake. Aliyehesabu minane ndiye aliyesema kweli. Mdudu kamili ana miguu sita. Utitiri mzima una minane, kwa kuwa ni wa ukoo mmoja na buibui, nge na kupe.

Kisha tukaona ya kuwa ule tuliouita utitiri mmoja ulikuwa wa namna tatu. Wa kwanza ni wale wenye rangi ya kahawia, bapa, wang'aao, wenye mbio. Jamaa zao wengi ni wawindaji: hula minyoo midogo mno na mayai ya wadudu. Wa pili ni wa mviringo kama ngao, hawaendi popote. Kila mmoja ameshikamana na chonga kwa uzi mfupi, ambao ni utomvu uliotoka nyuma ya mwili wake ukakauka. Wa tatu ni weupe, wadogo kama chembe za unga, wamebandikana tumboni. Hao wangali wachanga, hawana kinywa cha kulia; hushika kwa vikombe vidogo vilivyo chini ya matumbo yao.

Fikirini sasa: asiye na kinywa atamnyonyaje mtu damu? Wote watatu walikuwa abiria tu. Chonga huzaa ndani ya magogo ya minazi yaliyooza, na mle ndimo abiria wanamotaka kufika, wapate chakula chao. Wao ni wadogo, njia ni ndefu, hawana mabawa. Basi humpanda chonga kama watu wapandavyo jahazi, na wakifika hushuka. Jahazi halizami kwa sababu lina abiria.

Lakini msiseme sasa ya kuwa utitiri wote ni abiria wema, maana hilo lingekuwa kosa langu lile lile limegeuzwa. Duniani uko utitiri ukaao chini ya mbawa za mbawakawa, nao humnyonya kweli. Tena katika nchi za Ulaya wako mbawakawa wazikao mizoga ya panya na ndege ili wana wao waile. Utitiri wanaouchukua huyala mayai ya nzi juu ya mzoga, hata wana wa mbawakawa wakapata chakula chao. Utitiri huo wataalamu waliudhani kuwa wa namna moja. Baadaye wakagundua kuwa ni zaidi ya moja, wafananao sana kwa sura, ila kila namna humchagua mbawakawa wake. Ikiwa wataalamu wamedanganyika kwa kufanana, sembuse mimi niliyetazama mara moja tu ndani ya kifuu?

Nilikwenda kwa mjomba nikamweleza yote. Tukapasua magogo yaliyooza shambani, tukakuta mabuu manene meupe, yamejikunja kama kidole. Tukayatoa, na magogo tukayachoma moto. Mjomba akaushika tena waya wake. Nami nikanunua miche 7 kwa fedha yangu, nikaichimbia mashimo mwenyewe, naye amekaa kivulini akinielekeza.

Tangu siku hiyo, mwanafunzi akiniletea mdudu nisiyemjua na kuniuliza, “Mwalimu, huyu ni nani?” sioni haya tena. Humjibu, “Sijui. Lete kioo, tuhesabu miguu.”