Dakika Kumi za Jumamosi

Kila Jumamosi, saa nne kasorobo, Peugeot nyeupe ya Daktari ilikuwa ikiingia lango la Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, nami nimeshamaliza kufuta kioo. Kazi yangu haikuwa kubwa. Ijumaa jioni niioshe Cessna yake kwa sabuni na maji, nibandue mabawani mavi ya ndege wa manyoya, nijaze tairi upepo, halafu niisukume hatua moja mbele ili tairi zisilalie upande mmoja. Ujira shilingi mia mbili. Mwaka 1995 mia mbili ilinilisha siku tatu, kwa hiyo ndege ile niliipenda kwa dhati.

Daktari alikuwa wa mifugo, si wa watu. Cessna 172 ile aliinunua miaka ya sabini, mkono wa pili, akawa anakwenda nayo Garissa, Wajir na Marsabit kuchanja ng'ombe na ngamia, nyuma amepakia masanduku ya barafu yenye dawa. Nilipoanza kumwoshea alikuwa ameshastaafu. Alishuka garini polepole, koti la ngozi mwilini hata jua likiwaka. Nilimpa shikamoo yangu ya kipwani, akaicheka kidogo, maana kwao haitumiki sana, kisha akaijibu marahaba kwa sauti ya kutosha hanga nzima.

Aliizunguka ndege na kugusa kila bawa. Alichuruza petroli kidogo kutoka kwenye tangi, akainua kikombe cha kioo juani aangalie kama kuna maji. Petroli ya ndege ndogo ina rangi ya buluu. Maji yakiwamo hukaa chini, hayana rangi. Kisha akapanda, akafunga mkanda. Akapiga ukelele dirishani tukae mbali, propela ikazunguka mara mbili tatu kwa uvivu, injini ikakohoa, ikashika.

Dakika kumi. Hakuitoa pale ilipoegeshwa hata futi moja. Alikaa akitazama mishale ya vipimo, anaandika kitu katika daftari, anasikiliza. Ikitimia dakika ya kumi akavuta kitasa chekundu, kimya kikarudi, akampa fundi wa injini, tuliyemwita Fundi tu, chake na mimi changu, akaenda zake kunywa chai.

Mara ya mwisho ndege hiyo kuacha ardhi ilikuwa 1994.

Mimi vyombo vilivyokwisha kazi nilivijua tangu utotoni. Nimetoka Mombasa, na babu yangu alikuwa na jahazi lililopandishwa ufukweni. Watu walikuja na bei zao, akawaambia anangoja msimu. Kaskazi ikaja, kusi ikaja, jahazi li pale pale. Jahazi linalosafiri hupakwa deheni chini na sifa juu, mbao hunywa, huvimba, hushikana. Likikaa juu jua huzikausha, kalafati hudondoka, ukisimama ubavuni unaona mwanga wa upande wa pili. Nilipomsimulia Fundi habari hizo akaniambia, "Basi hii kazi ushaijua, wa pwani. Ongeza tu mabawa."

Wilson yenyewe ni kongwe. Jina ni la Florence Kerr Wilson, mama aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929, na kiwanja kilipewa jina lake 1962. Kiko juu ya futi 5,500 kutoka usawa wa bahari, Kibera upande huu, mbuga ya wanyama upande ule. Madaktari wa AMREF wanarukia hapo, watalii wa Mara wanapandia hapo, na kwa miaka mingi miraa ya Somalia ilitokea hapo hapo. Hiyo ndiyo Wilson ya mbele. Nyuma ya mahanga kulikuwa na mtaa mwingine. Kulikuwa na Piper ambayo rangi yake ilikuwa ikibambuka, na chini ya namba ya 5Y ya Kenya huru zikaanza kuchungulia herufi VP-K, alama ya zama za ukoloni. Kulikuwa na Cessna zilizotolewa injini. Ndege ya aina hiyo ukiinyang'anya injini pua hunyanyuka na mkia hukaa chini, kama mbwa anayengoja mfupa. Nyigu walijenga kwa udongo ndani ya kile kibomba cha chini ya bawa kinachopima kasi. Askari mmoja wa usiku alikuwa akianika nguo zake kwenye bawa na kuhifadhi vitunguu vyake ndani. Huyo alijua thamani ya ndege kuliko wenyewe, nadhani.

Mgeni akipita hapo alikuwa akisema ni mali iliyosuswa. Jaribu kuinunua, ndipo utajua kama imesuswa.

Kiburi cha wenye ndege kilikuwa na sababu. Mwaka 1986 kiwanda cha Cessna huko Marekani kilisimamisha utengenezaji wa ndege ndogo kama ile ya Daktari, kwa kuelemewa na kesi za fidia za ajali, nyingine za ndege zilizokwisha toka kiwandani miongo mingi nyuma. Ikabidi itungwe sheria, mwaka 1994, ya kuwakinga watengenezaji wa ndege ndogo na mashtaka kwa ndege iliyopita miaka 18, ndipo uzalishaji ukarudi 1996. Miaka kumi bila 172 mpya hata moja! Zile kuukuu zikapanda bei. Habari ilifika Wilson nusu: kwamba bei imepanda, ilifika, kwamba imepanda kwa zile zinazoruka, haikufika. Huku kwetu, wakati huo huo, ikaingia Caravan, ndege ya propela inayoendeshwa na injini ya jeti. Inakunywa mafuta yale yale ya ndege kubwa, yanayopatikana kila mahali, na inabeba watu na mizigo mara kadhaa ya ile Cessna ndogo. Kazi za porini zikahamia huko. Ile petroli ya buluu ikawa ghali, na viwanja vya kuipata vikapungua.

Siku moja Fundi aliniita mezani kwake alipokuwa ameifungua Lycoming ya silinda nne, ndugu moja na ya Daktari. Akanionyesha kamshafti.

"Hii iko wapi?"

"Juu."

"Juu ya krenkshafti. Ndege ikisimama, oili inachuruzika yote chini, hii inabaki uchi. Haya. Petroli ikiungua inazaa nini?"

Nikasema moshi.

"Inazaa na maji. Mvuke. Ndege ikiruka saa nzima, oili inapata moto wa kuufukuza huo mvuke. Ukiiwasha dakika kumi ukaizima, mvuke unabaki ndani, unapoa, unakuwa jasho juu ya chuma. Jasho linakuwa kutu."

Nikanyamaza. Nje palikuwa na Cessna inayong'aa, nimeiosha jana yake.

"Sasa Daktari?"

"Daktari anainywesha maji kila Jumamosi. Afadhali angeijaza oili ya kuhifadhia, akaziba matundu, akaiacha. Au airushe."

"Si umwambie."

Fundi akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Mwambie wewe. Wewe ndiye wa shikamoo."

Sikumwambia, na sababu hanga nzima iliijua. Rubani aliyepita miaka 50 hupimwa afya kila mwaka, na mwaka 1994 Daktari alipopimwa alikuwa ameshaanza sindano za kisukari. Enzi zile sindano hizo na urubani havikukaa nyumba moja. Vijana waliokuwa wakifundisha urubani walijitolea kumrusha yeye akae kando. Alikubali kuwanywesha chai tu. "Sijawahi kuwa abiria kwenye ndege yangu," alisema, na neno hilo halikurudiwa tena mbele yake. Ndege isiporuka cheti chake nacho hulala, kukifufua kunahitaji ukaguzi, ukaguzi huzaa vipuri, na vipuri hudai dola. Kila mwaka bili ya kuifufua ilikuwa inapanda na Daktari anaahirisha hadi Disemba.

Mwaka 1998 nilikuwa nimepanda cheo kidogo, nimeanza udalali wa vipuri. Nikamletea mteja wa Malindi, mtu wa heshima, aliyetaka kurusha watalii juu ya bahari. Alikuja na fundi wake, akapekua chini ya zulia la sakafu akakuta ule unga mweupe ambao ndio kutu ya alumini, akagonga kioo cha mbele kilichoanza kupasuka nyufa za utando wa buibui, hata hivyo akataja dola 15,000. Kwa ndege isiyo na cheti hiyo ilikuwa bei ya kiungwana. Mimi nilishapiga hesabu ya asilimia yangu na kuimaliza.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza ataiweka wapi.

"Malindi, Daktari. Pale kiwanjani."

"Karibu na bahari?"

"Karibu kiasi."

Daktari akatikisa kichwa, kama tabibu anayeambiwa mgonjwa atalazwa sakafuni. "Chumvi itaila."

Basi. Akakataa kwa ajili ya afya ya ndege. Mteja akanitazama, mimi nikatazama viatu vyangu. Aliyefuata, 2004, alitoa dola 8,000 na Daktari akataka 40,000, maana alikuwa amesoma bei ya mpya. (Siku hizi mpya inapita dola 400,000, nafurahi hakuiona.) Wa mwisho alitaka vipande tu. Huyo Daktari hakushuka garini kuzungumza naye.

Nisimfanye Daktari kuwa mfano wa wote. Ndege nyingi za mtaa ule wa nyuma hazikuzuiliwa na mapenzi. Nyingine ilikuwa ya marehemu, warithi sita na kesi moja. Nyingine ya washirika wanne, mmoja kahamia Kanada na sahihi yake haipatikani. Nyingine ya mgeni aliyerudi kwao bila kuaga, ada ya maegesho imelimbikizana hadi imeipita thamani ya ndege, hata ukipewa bure umeingia hasara. Na si ndege ndogo tu, wala si za kwetu tu: mwaka 2015 wenye uwanja wa Kuala Lumpur walitoa tangazo gazetini kuwatafuta wenye Boeing 747 tatu. Hao hawakatai kuuza, hawawezi au hawapo. Lakini Daktari aliweza, na alikuwepo kila Jumamosi.

Miaka mingi niliieleza habari yake kama kichekesho cha mzee mkaidi. Nimeacha. Siku moja niliketi nikaorodhesha waliokuwa wakila kwenye ndege ile isiyoruka: maegesho kila mwezi, askari wa usiku chochote, Fundi ujira wa kusimama pale Jumamosi na kizimamoto mkononi, mwenye betri kila ikifa, na mimi na sabuni yangu. Sote tulikuwa na sababu ya kuiona inang'aa, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na sababu ya kumwambia kuhusu mvuke. Tulisema ni huruma. Ilikuwa huruma, ndiyo, ila ilikuwa na malipo.

Alifariki mwaka 2012. Kwa miezi michache ya mwisho alikuwa akiletwa na dereva, na kuna Jumamosi alizokaa ndani ya ndege bila kuiwasha. Binti yake alinipigia simu baada ya matanga. "Kaka, mtu akitaka achukue. Sisi tunataka tu ile ada isimame."

Hakuna aliyeitaka nzima. Tulianza kuifungua Januari. Chini ya kifuniko cha injini kulikuwa na kiota cha shomoro, ingawa hata mwaka haujaisha tangu iwake mara ya mwisho. Fundi, ambaye naye sasa alikuwa mzee wa miwani miwili, aliitoa kamshafti na kuiweka kwenye gazeti. Zile pembe zake za kusukumia valvu zilikuwa zimeliwa kama gunzi lililopitiwa na panya. Hakusema kitu, na mimi sikuuliza.

Daftari lilikuwa katika mfuko wa mlangoni. Tarehe ya kila Jumamosi, mstari mmoja. Safu ya kwanza presha ya oili: nzuri, nzuri, nzuri. Safu ya pili joto la oili, na hapo kila mstari ulikuwa na kistari kitupu, maana katika dakika kumi ule mshale haukuwahi kufika kwenye rangi ya kijani. Aliona, basi, akaandika alichokiona, kwa miaka kumi na saba. Fundi anasema mzee alijua yote. Mimi sina hakika, na wa kumuuliza hayupo.

Daftari tulimpa binti. Injini ilikwenda kwa chuma chakavu, redio haikupata mtu, propela iko ukutani kwa mtu mmoja wa mtaa wa Karen. Mlango wa kulia ulikuwa mzima, haukuwa na hata doa la kutu, labda kwa kuwa upande ule ulikaa kivulini. Ulikaguliwa, ukapata karatasi zake, nikauuza Ukunda kwa mwenye 172 aliyevunjiwa wake na upepo. Ndege hiyo hadi leo inapandisha watalii juu ya Diani, rangi yake nyeupe na mstari mwekundu, mlango mmoja una mstari wa buluu.