Kutoka Lubumbashi hadi Bunkeya: nyayo za wapenzi wa gitaa na picha

Wageni wengi wafikao Lubumbashi huja kwa ajili ya shaba. Wakitaka kuutazama mji, huonyeshwa kwanza ile dohani ndefu ya kiwanda, yenye kimo cha mita 153, na karibu yake mlima mweusi wa mabaki ya madini. Hayo ndiyo yaliyoujenga mji huu tangu mwaka 1910. Lakini wako wageni wengine, wachache kwa hesabu, ambao hawakuja kutafuta madini. Wao walisafiri mbali kwa ajili ya wimbo waliousikia katika sahani ya santuri, au kwa ajili ya picha iliyochorwa juu ya kitambaa cha mfuko wa unga. Leo twataka kufuata nyayo zao, tupate kujua ni kitu gani walichokiona kwetu, ambacho sisi wenyewe twakipita kila siku bila kugeuza shingo.

Tuanze safari yetu Likasi. Kutoka Lubumbashi ni mwendo wa kilomita 120 hivi, kuelekea kaskazini-magharibi, katika nchi ya miti mirefu na vichuguu vyekundu vinavyopita kimo cha mtu. Hadi mwaka 1966 mji huo uliitwa Jadotville. Mwaka 1952 alifika huko Mwingereza mmoja, jina lake Hugh Tracey, pamoja na mashine yake ya kunasa sauti. Bwana huyo alikuja Afrika mwaka 1921 kulima tumbaku katika Rhodesia ya Kusini. Lakini nyimbo alizozisikia kwa watu waliofanya kazi pamoja naye shambani zilimvuta moyo, hata mwishowe akaacha kilimo, akatumia maisha yake yote kuzikusanya nyimbo za Waafrika.

Huko Jadotville alimkuta kijana mwenye gitaa. Kijana huyo ni Jean Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930. Alipiga nyuzi kwa vidole viwili tu, gumba na kidole cha shahada. Lakini aliyemsikia bila kumwona angeapa kwamba wako wapigaji wawili. Gumba lilishika mwendo wa chini, na kidole kingine kikacheza juu yake kama mtoto mbele ya mama yake. Tracey alinasa wimbo wake uitwao Masanga. Sahani ikatolewa, ikavuka mipaka, ikafika katika nyumba za watu ambao hawakujua Katanga iko upande gani wa dunia.

Tazameni jinsi wimbo mmoja ulivyotembea. Mwenda na mwenzake Edouard Masengo walikaa Nairobi kwa muda, na wapiga gitaa wengi wa Kenya waliwatazama vidole vyao na kujifunza. Mwaka 1961 na 1962 mtaalamu wa muziki, David Rycroft, aliandika makala mbili juu ya upigaji wa Mwenda, akiiweka kazi ya vidole vyake katika nota, kama vile wataalamu wafanyavyo kwa watunzi wakubwa wa Ulaya. Mwaka 1969 Mwenda mwenyewe aliitwa Marekani, akapiga gitaa lake katika tamasha la Newport.

Lakini nyumbani mambo yaligeuka. Magitaa ya umeme kutoka Kinshasa yalikuwa yamejaa katika redio na mahali pa kuchezea dansi. Vijana waliona kwamba gitaa kavu, lile la mtu mmoja na kiti chake, ni jambo la wazee. Hapo ndipo alipotokea mpenzi wa namna ya pekee. Mwaka 1979 Mwingereza John Low, naye mpiga gitaa, alisafiri hadi Lubumbashi kuwatafuta waimbaji wa miaka ya 1950 na 1960. Hakutosheka na sahani. Alitaka kuketi mbele ya mwenye wimbo na kuona kidole kinagusa uzi gani. Aliwakuta Mwenda, Masengo na Losta Abelo, akajifunza kwao kama mwanafunzi. Habari za safari hiyo alizitoa katika kitabu mwaka 1982. Mtu mzima anavuka bahari ili afundishwe wimbo wa Kiswahili, wakati watoto wa mtaa ule ule wanaona haya kuuimba! Jambo hili latupasa tulifikiri.

Tukiendelea mbele ya Likasi twafika katika uwanda wa Bunkeya, mji wa Wayeke. Hapa palikuwa na makao ya mfalme Msiri, aliyeuawa mwaka 1891 na watu wa msafara uliotumwa kuitwaa nchi yake. Kila mtoto wa shule ajua jina la Msiri, kwa kuwa liliandikwa vitabuni. Je, wangapi wajua kwamba mji huo huo ulizaa mpiga gitaa aliyesikilizwa hata Marekani? Mwenda alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya barabarani. Sauti yake imebaki, kwa sababu kuna aliyeinasa. Hazina ya sauti aliyoianzisha Tracey mwaka 1954 imehifadhiwa leo katika chuo kikuu cha Rhodes, mjini Makhanda, Afrika ya Kusini. Ni mbali sana na Bunkeya.

Sasa turudi Lubumbashi, kwa maana picha nazo zina wapenzi wao. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya wachoraji iliyoitwa Le Hangar. Hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Aliwaambia watazame mto, nyasi na wanyama wa nchi yao, kila mmoja atafute mkono wake. Ndivyo Pilipili Mulongoy alivyochora samaki, ndege na nyoka kwa rangi za kupendeza macho. Mwenze Kibwanga akajaza picha zake kwa mistari mifupi iliyosongamana. Bela Sara, aliyetoka Chad, akaacha burashi na kuchora kwa vidole vyake. Picha zao zilipendwa ng'ambo na kununuliwa kwa fedha nyingi.

Baada yao walitokea wachoraji wasiokuwa na karakana wala mlezi. Hao walichora juu ya vitambaa vya mifuko ya unga, kisha wakatembeza picha zao katika mitaa ya wafanyakazi, mlango kwa mlango. Katika miaka ya 1970, ukiingia sebuleni mwa mfanyakazi wa migodi, uliweza kuona ukutani mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, au picha iliyoitwa Colonie belge, ambamo mfungwa achapwa viboko mbele ya Mzungu. Watu hawakuzinunua kama pambo tu. Walisema ni ukumbusho. Baba aliwaonyesha watoto wake, akawaeleza mambo ya zamani.

Mmoja wa wachoraji hao ni Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Alipokutana na Johannes Fabian, profesa katika chuo kikuu cha Lubumbashi, alimweleza kwamba haja yake si kuuza picha moja moja, bali kuandika historia yote ya nchi kwa rangi. Katika miaka ya 1973 na 1974 alimaliza picha 101, tangu wafalme wa kale, hata Lumumba, hata siku zake mwenyewe. Profesa hakuchukua picha na kwenda zake. Aliketi pamoja na mchoraji, akamwuliza juu ya kila picha, akayanasa majibu yake katika Kiswahili cha Katanga. Kitabu cha picha hizo na maneno hayo kilitoka mwaka 1996. Lakini Tshibumba hakukiona. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 alitoweka, wala mwisho wake haukujulikana. Kama asingepata mtu wa kumwuliza, hata jina lake lingalikufa pamoja naye.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo twaona tofauti kati ya mnunuzi na mpenzi. Mnunuzi huuliza bei. Mpenzi huuliza: Nani aliyefanya kazi hii? Alijifunza kwa nani? Ana maana gani? Wazee wetu walisema: Mcheza kwao hutunzwa. Basi wachezaji wetu hawa walitunzwa zaidi na wageni. Hatuwalaumu wageni hao. Twawashukuru, maana wameokoa kilichokuwa karibu kupotea. Lakini si vema mtoto wa Likasi asafiri hadi Afrika ya Kusini ili asikie sauti ya babu yake.

Dalili njema zipo. Tangu mwaka 2008 vijana wa Lubumbashi, katika chama chao kiitwacho Picha, wamefanya maonyesho makubwa ya sanaa mjini, na wageni wa nchi nyingi huja kutazama. Kazi nyingine haihitaji chama wala fedha. Kama nyumbani mwako kuna picha ya zamani, geuza mgongo wake, uandike kwa kalamu jina la aliyeichora, na mwaka ulioinunua. Kama babu ajua wimbo wa gitaa kavu, ketini naye jioni. Mmoja aandike maneno, mwingine anase sauti kwa simu yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wala msingoje mwaka wa mapumziko, babu hangoji.