Risasi 41 na gitaa moja

Kuna namba imenikaa kichwani wiki nzima na haitaki kutoka. 41.

Hebu fanya hivi, msomaji wangu. Acha kusoma kidogo, hesabu kwa sauti kuanzia moja mpaka arobaini na moja. Usikimbie. Moja, mbili, tatu... Ukifika ishirini utaanza kuchoka. Ukifika thelathini utajiuliza huyu bwana leo ameamkia upande gani. Vumilia tu, ukimaliza rudi tuongee.

Hizo ni risasi. Muda mfupi baada ya saa sita usiku, Februari 4, 1999, huko Bronx, New York, polisi wanne waliovaa nguo za kiraia walimfyatulia kijana mmoja risasi 41. Risasi 19 zilimpata. Aliitwa Amadou Diallo, miaka 23, familia yake inatoka Guinea. Kazi yake ilikuwa kuuza soksi, glovu na kanda za video kando ya barabara kule Manhattan. Kwa lugha yetu sisi, alikuwa machinga. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jengo alilokuwa akiishi. Polisi walieleza kwamba walimfananisha na mbakaji waliyekuwa wakimsaka, kwamba aliingiza mkono mfukoni, na kwamba walidhani anachomoa bastola. Kilichokuwa mkononi mwake ni waleti.

Waswahili tunasema siku za mwizi ni arobaini. Huyu hakuwa ameiba kitu. Arobaini zake zilikwisha kwa sekunde chache, na moja ikaongezwa juu.

Sasa utaniuliza, mbona nilisema nitaandika kuhusu muziki? Naam, ndiko ninakoelekea. Mimi si mtu wa roki. Nimekulia kwenye bongofleva na dansi la wazee wangu, na gitaa la roki likizidi kelele huwa natafuta mlango. Lakini habari ya Diallo haikunifikia kwanza kupitia gazeti. Ilinifikia kupitia Mzungu wa makamo mwenye gitaa, Bruce Springsteen, akiwa jukwaani.

Kabla sijafika kwake, nianze na upande wa pili, maana jukwaa halina chama. Anayelipanda ndiye anayelipa rangi.

Yupo mpiga gitaa mwingine wa Marekani anaitwa Ted Nugent. Huyu ni mpenzi wa bunduki kwelikweli, na kwa miaka mingi alikuwa kwenye bodi ya NRA, ile jumuiya kubwa ya wamiliki wa bunduki kule kwao. Agosti 2007 alipanda jukwaani katikati ya onyesho akiwa ameshika bunduki mkononi, akawaporomoshea matusi Barack Obama na Hillary Clinton, ambao wakati huo walikuwa maseneta wanaowania urais. Matusi yenyewe siyaandiki hapa, mama yangu huwa anapita humu. Mashabiki walishangilia.

Nilipoiona video ile nilikasirika, lakini baadaye nikaanza kujiuliza swali jingine. Je, Nugent alihatarisha nini usiku ule? Waliokuwa mbele yake walilipa kiingilio wakijua ni nani wanayekwenda kumsikiliza. Aliwaambia walichokuwa wanakiamini tangu wakiwa nyumbani, wakapiga makofi, wakarudi nyumbani wakiwa wale wale. Na tuwe wakweli, upande wa wanaozipinga bunduki nao una maonyesho mengi ya namna hiyo. Msanii anasema "acheni vurugu", ukumbi unaitikia "ndiyooo", taa zinazimwa, watu wanatafuta usafiri. Basi.

Springsteen alifanya kitu tofauti.

Februari 25, 2000, wale polisi wanne waliachiwa huru kwenye kesi iliyohamishiwa mji wa Albany. Juni 4 mwaka huo huo, Springsteen na bendi yake ya E Street walikuwa Atlanta, wakapiga wimbo mpya, "American Skin (41 Shots)". Haukuwa umetoka kwenye albamu yoyote. Habari zikafika New York kabla ya yeye mwenyewe kufika, na alikuwa na maonyesho kumi ya kupiga pale Madison Square Garden, ukumbi unaoingiza karibu watu 20,000.

Kiongozi wa chama cha polisi wa jiji, Patrick Lynch, aliwaandikia wanachama wake wasihudhurie, na wasifanye kazi za ziada za ulinzi kwenye maonyesho hayo. Kiongozi mwingine wa polisi katika jimbo hilo alimtukana mwanamuziki hadharani. Meya Rudolph Giuliani naye alilaumu. Kumbuka hapa kwamba askari na zimamoto wa New York na New Jersey walikuwa wapenzi wakubwa wa muziki wa Springsteen. Ni watu wa familia za wafanyakazi, na nyimbo zake nyingi zinawahusu wao. Kwa hiyo hakuwa anawaudhi maadui zake. Alikuwa anawaudhi watu wake.

Na bado, Juni 12, usiku wa kwanza wa maonyesho yale kumi, akaupiga.

Onyesho hilo lilirekodiwa siku za mwisho na likatoka kama albamu na video mwaka 2001, kwa hiyo unaweza kujionea mwenyewe. Mimi nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Kwanza anaomba ukimya. Fikiria, mwanamuziki wa roki anaomba ukimya kwenye ukumbi wa watu 20,000 wenye bia mkononi! Kisha wanabendi wanaanza kuitaja ile namba, mmoja baada ya mwingine, taratibu. Anayeanza ni Clarence Clemons, mpuliza saksafoni, mtu mweusi mwenye mwili mkubwa. Hapigi kelele. Anaitaja tu. Anafuata mwingine, naye anaitaja ile ile. Inarudiwa na kurudiwa mpaka unatamani waache.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ukiisoma 41 kwenye karatasi, jicho linapita juu yake kwa nusu sekunde. Ni tarakimu mbili tu. Ukiisikia ikirudiwa na watu walio hai, ukiwa umesimama huwezi kupeleka mbele wala kugeuza ukurasa, inakuwa muda. Inakuwa kitu ambacho kilichukua nafasi kwenye dunia hii, kwenye mwili wa mtu.

Halafu maneno yenyewe hayaendi mahali ulipodhania. Ubeti wa kwanza unamweka askari akiwa amepiga magoti kando ya mwili, akiomba yule mtu asife. Ubeti unaofuata ni wa mama anayemwandaa mwanawe kwenda shule, akimfundisha namna ya kujiweka akisimamishwa na polisi ili arudi nyumbani salama. Mama zetu wanatuasa tusichelewe njiani, yule anamwasa mwanawe mikono ionekane. Hakuna mstari unaosema polisi wote ni wauaji. Nafikiri ndiyo maana uliwauma zaidi. Tusi ungelijibu kwa tusi. Hesabu unaijibu kwa nini?

Wapo waliozomea usiku ule, na wapo waliosimama wakapiga makofi. Lakini wote walikuwa ndani ya chumba kimoja, waliokasirika na waliokubali, na wote walisikiliza mpaka mwisho.

Mshkaji wangu mmoja wa dawati la michezo hapa kazini hataki kusikia habari hizi. "Kaka, mimi nikilipa kiingilio nataka kucheza, siasa wapeleke bungeni." Hoja yake naielewa. Mtu amechoka wiki nzima, amebana hela, anataka masaa mawili ya kusahau. Tena anaongeza kwamba hakuna wimbo uliowahi kupunguza hata bunduki moja. Nami sitaki kukudanganya, msomaji. Kikosi walichotoka wale polisi wanne kilivunjwa mwaka 2002, na mwaka 2004 jiji lilikubali kuilipa familia ya Diallo dola milioni 3. Hayo yalitokana na maandamano, wanasheria na mama yake, Kadiatou, ambaye hakukubali kunyamaza. Siwezi kusema gitaa ndilo lililofanya.

Ila kuna kitu wimbo ulifanya ambacho hukumu haikuweza. Ulikataa kufunga jalada. Februari 2012 kijana Trayvon Martin, miaka 17, hana silaha, alipigwa risasi na mlinzi wa kujitolea wa mtaa huko Sanford, Florida. Mwezi uliofuata Springsteen alikuwa Tampa, jimbo hilo hilo, akaupiga wimbo wa Diallo. Julai 2013 aliyempiga Trayvon alipoachiwa huru na mahakama, siku chache baadaye Springsteen alikuwa Limerick, Ireland, akaupiga tena na kuutoa kwa ajili ya Trayvon. Kwenye albamu ya studio ya Springsteen wimbo uliingia mwaka 2014 tu. Kwa karibu miaka kumi na minne makao yake makuu yalikuwa jukwaani.

Kisha ikaja siku ambayo bunduki haikuishia kwenye maneno ya wimbo. Iliingia ukumbini.

Novemba 13, 2015, ukumbi wa Bataclan mjini Paris. Bendi ya roki ya Eagles of Death Metal ilikuwa jukwaani washambuliaji walipoingia na kuua watu 90. Miezi mitatu baadaye bendi ilirudi Paris kupiga tena, na mwimbaji wake, Jesse Hughes, aliiambia televisheni ya Ufaransa kwamba sheria kali za bunduki hazikumwokoa mtu yeyote usiku ule, na kwamba angetamani kila mtu awe na silaha.

Oktoba 1, 2017, Las Vegas, tamasha la kantri, huyu ni binamu wa roki. Mtu mmoja alijifungia ghorofa ya 32 ya hoteli na kumimina risasi zaidi ya 1,000 kwa muda wa kama dakika kumi. Watu 58 walihesabiwa kufa wakati ule, baadaye idadi ikafika 60. Mmoja wa waliopiga gitaa kwenye tamasha hilo, Caleb Keeter, alikuwa mtetezi wa haki ya kumiliki bunduki maisha yake yote. Kesho yake akaandika hadharani kwamba msimamo wake ulikuwa si sahihi. Alieleza kuwa wenzake kwenye msafara walikuwa na bunduki, tena za kibali, lakini hawakuthubutu kuzigusa. Walihofia polisi wangewaona nazo na kudhani ni wauaji.

Aisifuye mvua imemnyea. Hawa wawili wote imewanyea, na mvua ile ile. Mmoja alitoka akitaka bunduki zaidi, mwingine akitaka zipungue. Sitamcheka Hughes hata kidogo. Mtu aliyeona wapenzi wa muziki wake wakifa miguuni pake ana haki ya kusema kilichomo moyoni. Lakini lile la Keeter linanirudisha pale Bronx, mlangoni. Diallo aliuawa kwa sababu waleti ilionekana kama bunduki. Wale wa Las Vegas waliziacha bunduki zao kwa sababu walijua namna zitakavyoonekana. Pote pawili, aliyeshika kitu mkononi yuko chini ya jicho la mtu mwenye silaha na mwenye hofu, na jicho hilo lina sekunde moja ya kuamua. Hakuna hotuba ya Nugent inayojibu hapo.

Sasa nije kwetu sisi wa kalamu, maana ndiko kunakonichoma.

Siku moja niliandika habari ya watu waliouawa kwenye tukio la ujambazi. Nilikuwa nimekaa hospitali nusu siku nikiuliza, na nikapata idadi ya risasi kwa kila mwili. Asubuhi gazeti limetoka, imeandikwa "risasi kadhaa". Nilipouliza, nikaambiwa nafasi ilikuwa ndogo, na kwamba msomaji anataka kujua nani amekufa, mengine ni mapambo.

Kadhaa! Neno hili tunalipenda sana kwenye vyumba vya habari. Watu kadhaa, risasi kadhaa, nyumba kadhaa. Ni neno la kumalizia sentensi ili mtu aende nyumbani. Jaribu kulisimamisha jukwaani mbele ya watu 20,000, wanabendi walirudie mmoja baada ya mwingine. Halisimami. Halina mtu ndani yake.

Na angalia, kama magazeti ya New York mwaka 1999 yangeandika "risasi kadhaa", wimbo ule usingekuwepo. Kuna mwandishi, sijui alikuwa amechoka kiasi gani siku hiyo, aliyeiandika 41, na kuna mhariri aliyeiacha ipite. Mwanamuziki aliichukua pale walipoiweka.

Kwa hiyo mshkaji wangu wa michezo aendelee kucheza, na Jumamosi tukijaliwa nitacheza naye. Simdai kila msanii ahubiri. Ninachodai ni kidogo: anayeamua kusema kuhusu bunduki akiwa jukwaani, aseme mbele ya wanaoweza kumzomea, na aje na hesabu. Na sisi tunaoandika tuhakikishe hesabu hiyo ipo, hata nafasi ikiwa ndogo.

Wewe ulifika arobaini na moja, au uliishia njiani?