Mtoto wa Miaka Kumi na Bei ya Baleti

Nikiwaambia wenzangu darasani kwamba nilicheza baleti kwa miaka mitano, kwanza wanacheka. Kisha mmoja anauliza, "Baleti gani? Ile ya Wazungu ya kusimama kwa vidole?" Ndiyo, ile ile. Hapo kuna atakayesogeza viti aniambie nizunguke kidogo watu waone. Huwa nawaambia magoti yangu yalishastaafu, tunacheka tena, tunarudi kwa noti za saikolojia ya elimu.

Lakini mwezi uliopita mama alinipigia simu na swali ambalo halikunichekesha. Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 11, yuko Gredi ya 6, na anacheza baleti kila Jumamosi mtaani kwetu Nairobi. Mwalimu wake anasema ana kipaji. Wanataka ahamie studio moja iliyo upande wa pili wa jiji, afanye mazoezi siku tano kwa wiki, na kuna mfadhili aliye tayari kulipa ada. Mama akasema, "Wewe ndiye mwalimu wa nyumba hii, na hiyo baleti umeicheza. Hebu niambie, nimwachilie aende ama nimkatalie?" Nikamwomba wiki mbili nifikirie. Makala haya ndiyo niliyoyafikiria.

Nianze na nilichokipata mimi. Niliingia nikiwa na miaka 9. Hatukuwa na studio. Jumamosi tulitoa madawati nje ya darasa la shule ya msingi, tukafagia sakafu ya simiti, tukajipanga. Kioo hakikuwepo. Ule mti mrefu ambao wacheza baleti hushikilia wakifanya mazoezi haukuwepo pia, tulishikilia ukuta. Kilichokuwepo ni mwalimu aliyehesabu moja hadi nane, akarudia, akarudia, mpaka tukawa tunahesabu hata usingizini. Nilipenda sana. Kwa saa mbili kila wiki hakuna aliyeniuliza kama nimeteka maji au nimeosha vyombo. Niliulizwa tu kama goti limenyooka, na wiki iliyofuata lilikuwa limenyooka zaidi. Kwa mtoto, kuona mwili wako mwenyewe ukijifunza kitu kigumu ni furaha ambayo sijui niifananishe na nini.

Tena tulikuwa na mtu wa kumtazamia. Joel Kioko, kijana wa mtaa wa Kuwinda, alianza katika darasa la aina hiyo hiyo kwenye shule ya umma, bila kioo, madawati yakiwa nje. Akafundishwa katika Dance Centre Kenya, akaenda kufanya mazoezi Marekani, na Desemba 2016, akiwa na miaka 16, alirudi nyumbani kucheza The Nutcracker. Baadaye akapata nafasi katika shule ya English National Ballet, London. Kwa watoto wa mitaa ya mabanda, habari hiyo ilitosha. Kila mmoja wetu alijiona yuko kwenye foleni, nyuma yake tu.

Sasa tuizungumzie hiyo foleni. Darasani tulikuwa kama ishirini. Kati ya wale ninaowasiliana nao hadi leo, hakuna anayeishi kwa baleti. Mmoja ni muuguzi, mmoja anauza mitumba Gikomba, mmoja anasomea uhasibu, na mmoja anafundisha watoto Jumamosi kwa malipo yasiyozidi nauli. Hakuna aliyeharibikiwa na maisha. Ila wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, na katika baleti wachumaji ni wengi mno ilhali kivuli chenyewe ni kidogo.

Kule ambako baleti ni kazi ya mshahara, foleni huanza mapema na hupunguzwa njiani. Chuo cha Vaganova cha St. Petersburg, ambacho historia yake inaanzia 1738, huchukua watoto wa miaka kumi hivi na kuwafundisha kwa miaka minane. Kabla ya kupokewa, mtoto hukaguliwa mwili: nyonga zinafunguka kiasi gani, wayo una tao la namna gani, mgongo unapinda vipi. Shule ya baleti ya Opera ya Paris ni kongwe zaidi, ya 1713, enzi za mfalme Louis wa Kumi na Nne. Huko wanafunzi hufanya mtihani kila mwaka, na asiyefaulu hufungasha virago. Wafaransa huwaita watoto hao panya wadogo. Nchini China, Li Cunxin, mtoto wa sita kati ya wavulana saba wa familia maskini ya kijijini, alikuwa na miaka 11 alipopelekwa Beijing kujifunza baleti. Alikuja kuwa nyota huko Houston, Marekani. Lakini hakuwa ameomba. Waliokuja shuleni kwao kutafuta watoto ndio waliomteua.

Na hata ukifika, safari ni fupi. Wacheza baleti wa Opera ya Paris hustaafu wakiwa na miaka 42. Mwalimu wa serikali hapa Kenya hustaafu akiwa na 60. Kwa hivyo mtoto anaombwa atoe utoto wake, kitu ambacho hana kingine, kwa ajili ya kazi ambayo wengi hawaipati na wanaoipata hawakai nayo sana.

Halafu kuna maumivu. Msingi wa baleti ni kugeuza miguu itazame nje kuanzia kwenye nyonga. Nyonga isipofunguka vya kutosha, mtoto hulazimisha kwa goti na kifundo cha mguu, na ndivyo magoti hustaafu kabla ya mwenyewe. Baadaye vinakuja vile viatu vya kusimamia ncha za vidole. Watu hudhani ndani kuna chuma. Hakuna. Ncha yake kwa kawaida ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi, kisha zikafunikwa satini. Uzito wote wa mwili unakaa hapo, juu ya vidole ambavyo mifupa yake kwa mtoto bado inakua. Mcheza baleti wa kulipwa anaweza kumaliza jozi nzima katika onyesho moja tu. Na kwa miaka mingi vilikuwa vya rangi ya waridi, kwa hivyo wachezaji weusi walivipaka vipodozi wenyewe ili vifanane na ngozi yao. Mwaka 2018 kampuni ya Freed, ikishirikiana na kikundi cha Ballet Black cha London, ilitoa viatu vya rangi ya kahawia.

Watu wa baleti hupenda kumtaja Misty Copeland. Mwaka 2012 alicheza The Firebird akiwa na nyufa kwenye mfupa wa muundi, akaishia kufanyiwa upasuaji. Mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kufika daraja la juu kabisa katika American Ballet Theatre. Husimuliwa kama hadithi ya ushujaa, na ushujaa upo kweli. Lakini mimi kama mwalimu mtarajiwa najiuliza mtoto wa miaka 11 anaisikia vipi. Copeland wakati huo alikuwa mtu mzima wa miaka 29. Alijua anachonunua na alijua bei. Mtoto anasikia jambo moja tu: mfupa ukipasuka, nyamaza ucheze.

Mimi nilijifunza kunyamaza mapema. Nilipokuwa na miaka 12, alikuja mwalimu mgeni kututazama. Akapita mbele ya mstari, akanigusa tumbo kwa vidole viwili, akasema, "Hili lipungue." Wenzangu walicheka, nami nikacheka. Nyumbani kwetu jioni ilikuwa ugali na sukuma wiki, na kuna siku ilikuwa chai tu. Sijui alitaka nipunguze nini. Kwa wiki kadhaa nilimpa kaka yangu nusu ya ugali wangu, na mama akawa anawaambia majirani nimekua, nimekuwa na huruma. Siku moja nikasikia kizunguzungu nikiwa kwenye foleni ya maji. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kuna mtu amenigusa tumbo. Nilipomaliza KCPE nikaenda shule ya bweni mbali na Nairobi, na baleti ikaishia hapo.

Msidhani hilo ni tatizo la mitaa maskini. Mwaka 2019 shule ya baleti ya Opera ya Taifa ya Vienna, jiji lenye sifa zote za sanaa, ilichunguzwa na tume maalum baada ya magazeti kuandika kuhusu mateso ya wanafunzi. Tume ilikuta watoto hawakulindwa ipasavyo. Wengine waliambiwa wavute sigara ili wabaki wembamba. Nilipolisoma hilo nilifikiria ule mkono tumboni mwangu. Tofauti ni kwamba wale wa Vienna hatimaye waliulizwa.

Na kabla hatujawanyooshea Wazungu vidole, tujitazame. Ni wangapi kati yetu tuliamshwa saa kumi na nusu alfajiri bweni zima, tukasinzia juu ya vitabu mpaka usiku, tukaambiwa anayelalamika hataki kufaulu? Mwalimu aliyetufanya tulie tunamwita mkali lakini mzuri. Tumezoea kupima bidii ya mtoto kwa kiasi cha mateso anayovumilia, na tunaelekea madarasani na mizani hiyo hiyo. Tena sasa mtaala wa umilisi umeweka sanaa na michezo kuwa mmoja wa mikondo mitatu ya sekondari ya juu. Nafurahi sana kwa hilo. Lakini maana yake ni kwamba wewe na mimi ndio tutakaomwambia mtoto, "Una kipaji, fuata huku." Neno hilo lina uzito. Mtoto akishaambiwa ana kipaji, anaanza kuona kwamba kuchoka ni kukosa shukrani.

Kwa hivyo nilimwambiaje mama?

Kwanza nilimwambia asimkatalie. Ningekatazwa mimi nikiwa na miaka 9, ningekosa kitu ambacho hadi leo kinanisaidia kusimama mbele ya watu bila kutetemeka. Sadaka si ubaya. Hakuna ufundi unaopatikana bila kujinyima, iwe ni udaktari, mbio au kughani mashairi. Ubaya ni pale mkubwa anapopanga sadaka, mtoto anailipa, na hakuna aliyemtajia bei.

Pili nilimwambia haraka hii si ya lazima. Copeland alianza akiwa na miaka 13. Ni kweli yeye ni wa pekee, lakini anatosha kuonyesha kwamba mlango haufungwi mtoto akiwa Gredi ya 6. Siku tatu kwa wiki zinatosha kwa sasa, na zinamwachia muda wa masomo, wa kanisa na wa kuruka kamba na wenzake.

Tatu, nilimpa mambo ya kumuuliza mwalimu wa studio, uso kwa uso: Mtoto akisema anaumwa, mnafanya nini? Nani anaruhusiwa kuzungumzia mwili wake, na kwa maneno gani? Viatu vya ncha vitaanza lini, na nani ataikagua miguu yake kwanza? Mzazi anaweza kuingia kutazama mazoezi bila kutoa taarifa? Na akitaka kuacha, ataacha bila kuambiwa amewaangusha mfadhili, mtaa na Kenya nzima? Nilimwambia akiona mwalimu anakasirishwa na maswali hayo, hilo lenyewe ni jibu.

Nne, nilimwomba simu amkabidhi mwenyewe. Nikamweleza yote, pamoja na ile habari ya tumbo, ambayo mama alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza pale pembeni. Mdogo wangu alinyamaza kidogo. Kisha akauliza:

"Dada, kwani wewe ulikuwa unalia?"

"Nililia, mara kadhaa."

"Na ulikuwa unapenda?"

"Nilipenda sana."

"Basi mimi nataka kujaribu. Lakini mtu akinigusa tumbo nitakwambia."

Sina hakika kama mtoto wa miaka 11 anaweza kujua kikamilifu anachokubali. Mimi nina 22 na bado kuna mambo ninayoyasaini bila kusoma mpaka mwisho. Lakini najua kwamba sasa ameshatajiwa bei, na anajua ni nani wa kumwambia ikipanda. Mimi sikuwa na mtu huyo, na nadhani kumpata kungenisaidia kuliko kioo na ule mti wa kushikilia.

Mama alienda studio Jumatano na orodha yake ya maswali imeandikwa nyuma ya risiti ya duka. Mwalimu alikubali siku tatu, na akakubali mama aingie wakati wowote. Suala la viatu wamelisogeza mpaka daktari aione miguu. Mfadhili yeye alitaka siku tano. Bado hajajibu.